Ameshindaje? Mhadhara kuhusu Kupima Matangazo ya Mbio za NASCAR

Kila Jumatatu kuanzia Februari hadi Novemba, mashabiki wa NASCAR kule Marekani huamka na mabishano mawili. La kwanza ni nani aliendesha vizuri jana. La pili, ambalo mara nyingi ndilo kali zaidi, ni kama televisheni iliwaonyesha mbio au iliwaonyesha kitu kingine. Huyu atalalamika kwamba matangazo ya biashara yalikuwa mengi kuliko magari, yule kwamba mtangazaji anapiga kelele mno, na mwingine kwamba dereva wake hakuonekana kwa saa nzima. Malalamiko yote hayo yana ukweli wake, ila kila moja lina mizani yake, na kila mtu akija na mizani yake sokoni hakuna anayepunjwa wala anayepunja. Nakusudia kupendekeza kipimo kimoja na kukitetea. Matangazo ya mbio ni mazuri kwa kadiri yanavyomwezesha mtazamaji, bendera ya mwisho ikishapepea, kumweleza jirani ambaye hakutazama ni kwa sababu gani mshindi ameshinda. Jina la mshindi tu halitoshi, maana jina hata gazeti la kesho litalitaja.

Ugumu wa kutangaza mchezo huu unatokana na umbile lake. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea Safari Rally, ambako magari huondoka moja moja na kushindana na saa, na vumbi la mmoja huanza kutulia kabla mwingine hajafika. NASCAR ni kinyume chake. Magari kama 40, yenye sura ya magari ya kawaida ya barabarani lakini yaliyoundwa kwa ajili ya mbio tangu fremu hadi injini, huachiwa kwa mkupuo ndani ya kiwanja cha duara. Duara la Daytona lina km 4 na kona zake zimeinuliwa nyuzi 31. La Martinsville halifiki hata km 1. Asiyeujua mchezo huona magari yanakata kushoto basi. Anayeujua huona mapambano kumi kwa wakati mmoja: wawili wanaogombea uongozi, mmoja wa nafasi ya 14 mwenye matairi mapya anayepanda kama moshi, mwingine anayebana petroli ili asilazimike kusimama tena, na kule nyuma kabisa mtu aliyeachwa mzunguko mzima anayesubiri bahati ya bendera ya njano, ile inayopunguza mwendo na kuyakusanya magari. Picha inayokwenda hewani ni moja tu. Kila sekunde mwongozaji aliyeketi mbele ya skrini zake huchagua pambano moja na kuyaficha tisa. Ubora ninaouzungumzia umekaa humo, katika kuchagua na katika kumweleza mtazamaji kilichofichwa.

Tena kamera hudanganya. Lenzi ndefu iliyowekwa mwisho wa sehemu iliyonyooka huyabana magari yaliyoachana kwa mita nyingi yakaonekana yanagusana bampa. Kamera ya juu hupoza mwendo, na magari yaendayo km 300 kwa saa huonekana kama siafu wanaohama. Ndiyo maana tarakimu za pembeni mwa skrini ni nusu ya matangazo, na tarakimu nazo hazijielezi. Chukua pengo la sekunde moja. Daytona, kwa mwendo huo wa km 300 kwa saa, sekunde moja ni mita 83, na dereva aliye peke yake kwa umbali huo amekwisha kupoteza nafuu ya upepo unaokatwa na gari la mbele, kwa hiyo atazidi kuachwa. Martinsville, ambako mzunguko wa mita 846 huchukua kama sekunde 20, sekunde hiyohiyo ni mita 42 hivi, na mwenye breki nzuri anaweza kuimaliza taratibu, kona kwa kona. Mtangazaji akisema pengo ni sekunde moja kisha akanyamaza, amesoma tarakimu. Bado hajatangaza chochote. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika mbio hizi huambiwa, tena huambiwa atazame wapi.

Kuna kitendo ambacho kila mtazamaji amekiona bila kukiona. Gari linaingia piti, ile njia ya kando ambamo hubadilishiwa matairi na kuongezwa petroli. Mafundi wanaruka ukuta, upande mmoja unainuliwa, matairi mawili yanatoka na mawili yanaingia, kisha upande wa pili, na katikati ya purukushani fundi mmoja anachomeka spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma, anaizungusha nusu duara, anaichomoa. Gari limekwenda. Nusu duara ile imebadilisha jinsi uzito unavyoyalemea matairi ya nyuma. Dereva alikuwa akilia redioni kwamba gari halitaki kukata kona, pua inateleza kuelekea ukutani. Sasa pua itashika, na spana ikizidishwa mkia ndio utakaoanza kukimbia. Mizunguko 30 baadaye anampita kiongozi, na mtangazaji asiyeiona spana atawaambia watazamaji kwamba kijana huyu ana moyo. Huenda anao. Lakini moyo alikuwa nao tangu asubuhi, na asubuhi alikuwa wa 11.

Ushahidi wangu mkubwa ni wa zamani. Tarehe 18 Februari 1979 kituo cha CBS kilirusha Daytona 500 yote, toka bendera ya kwanza hadi ya mwisho, moja kwa moja nchi nzima. Hazikuwahi kuonyeshwa hivyo mbio za maili 500 za NASCAR kabla ya hapo; mazoea yalikuwa kukata vipande na kuvichanganya na michezo mingine, au kuingia hewani mbio zikiwa zimefika ukingoni. Kila anayesimulia siku ile husimulia mwisho wake. Donnie Allison na Cale Yarborough, wa kwanza na wa pili, waligongana katika mzunguko wa mwisho wakaishia majanini, Richard Petty aliyekuwa mbali nyuma yao akapita na kushinda, na pale majanini zikapigwa ngumi, Bobby Allison naye akiwa amesimama kumwangalia ndugu yake. Watu husema ngumi zile ndizo zilizoifanya NASCAR ijulikane Marekani nzima. Sawa. Ila turudi mzunguko wa 32. Ndugu wawili wa Allison, Donnie na Bobby, pamoja na Yarborough walivurugana kwenye sehemu iliyonyooka ya nyuma, wote watatu wakateleza kwenye majani yaliyolowa mvua, na Yarborough akapoteza mizunguko mitatu. Ilimchukua sehemu kubwa ya mbio kuirudisha, mmoja mmoja, kwa msaada wa bendera za njano. Aliyetazama tangu mwanzo alijua kwamba yule mtu anayerusha ngumi alikuwa na deni la saa kadhaa. Aliyeonyeshwa dakika tano za mwisho angeona watu wazima wawili wanapigana kwenye matope bila sababu. Tofauti ya matangazo ya siku ile na yale ya vipande yaliyotangulia iko hapo: ngumi zilikuwa na chanzo, na chanzo kilionekana.

Na pale kwenye mgongano wenyewe palikuwa na mtego. Picha tamu kuliko zote ilikuwa majanini, magari mawili yaliyobondeka yakitoa moshi. Mtangazaji Ken Squier aliona kuwa mbio hazijaisha, kwamba uongozi umehamia nusu duara nyuma, akawapeleka watazamaji kwa Petty, Darrell Waltrip na A. J. Foyt waliokuwa wanakuja. CBS ikamwonyesha Petty akikata mstari ndipo ikarudi kwenye ugomvi. Mpangilio huo, ushindi kwanza na kioja baadaye, ulifikiriwa kwa sekunde chache tu na watu ambao hawakuwahi kukutana na hali hiyo. Hadi leo kuna waongozaji wenye kamera mara kumi zaidi ambao hushindwa kuacha gari lililopinduka kwa ajili ya gari linaloongoza.

Hapa mpinzani wangu wa kwanza ananyanyuka. Atasema kipimo kipo tayari, nacho ni idadi ya watazamaji: watu wasingetazama kitu kibovu. Jibu liko katika siku ileile ya 1979. Watu wapatao milioni 15 walitazama, na sababu mojawapo ni dhoruba ya theluji iliyowafungia ndani watu wa mashariki mwa Marekani wakati ambapo chaneli zilikuwa chache. CBS ilitangaza vizuri, lakini theluji haikuanguka kwa sababu CBS ilitangaza vizuri. Idadi ya watazamaji hupima hali ya hewa, saa ya kuanza, umaarufu wa dereva anayeongoza, na kama kuna mpira chaneli ya pili. Mfanyabiashara ana haki ya kuijali, maana ndiyo anayoiuza kwa wadhamini. Mhakiki akiitumia atakuwa anapima ukubwa wa ukumbi akidhani anapima muziki.

Wa pili ana hoja nzito zaidi, nayo ni fedha. Hadi mwaka 2000 kila kiwanja kiliuza haki zake za televisheni chenyewe. Kuanzia 2001 NASCAR iliziuza zote kwa pamoja kwa Fox, NBC na Turner, na mkataba ulioanza 2025, wa miaka saba, una thamani ya dola bilioni 7.7. Fedha hizo lazima zirudi, na hurudi kwa matangazo ya biashara. Mpira wa miguu una mapumziko ya nusu wakati, ndondi zina mapumziko kila raundi, lakini gari haliwezi kuambiwa lisubiri. Nakubali hoja hiyo. Ninachokataa ni kudhani kwamba mapumziko yote ya biashara yana gharama sawa. Dakika tatu Daytona ni karibu mizunguko minne. Dakika tatu zilezile Bristol, ambako mzunguko humalizika kwa sekunde kama 16, ni mizunguko 11, na katika mizunguko 11 pale kiongozi anaweza kuwa amekwisha kuwaacha mzunguko mzima baadhi ya wapinzani wake. Tena ziko dakika tatu za katikati ya safari, magari yamejipanga na hakuna anayempita mwenzake, na ziko dakika tatu za wakati viongozi wanaanza kuingia piti bendera ikiwa ya kijani, yaani mbio zikiendelea kwa kasi. Anayekatiza hapo ameuza sura nzima ya kitabu. Tangu 2017 mbio nyingi zimegawanywa sehemu tatu, na mwishoni mwa kila moja ya sehemu mbili za kwanza bendera ya njano hutolewa kwenye viwanja vya duara, hivyo kituo kinajua mapema kwamba nafasi ya biashara inakuja. Upo pia ufundi wa kugawa skrini, mbio upande mmoja na tangazo upande wa pili, ambao ESPN iliutumia kwenye mbio za IndyCar mwaka 2005 na kwenye NASCAR mwaka 2011. Kwa hiyo siulizi biashara zilikuwa ngapi. Nauliza, waliporudi, walitueleza kilichotokea tulipokuwa hatupo? Kituo kinachorudi na picha ya kiongozi mpya bila kusema amepataje uongozi kimevunja ahadi yake, hata kama hakikutangaza zaidi ya sabuni moja.

Wanaofuata ni wenye kulalamikia upendeleo wa watangazaji, na hapa nadhani tunawaonea wasiostahili. Mwaka 1993 Ned Jarrett, bingwa wa zamani aliyekuwa mchambuzi wa CBS, aliachiwa kipaza sauti katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 wakati mwanawe Dale Jarrett akiwa mbele ya Dale Earnhardt. Alimwelekeza mwanawe kona kwa kona kama mzazi yeyote, hakuficha, na baadaye alimwomba Earnhardt radhi. Ukisikiliza tena utagundua jambo: baba yule, kwa hofu ya kumwona mwanawe akipitwa, alieleza gari liwekwe wapi na kwa nini, kuliko mchambuzi yeyote asiye na mtoto uwanjani. Upendeleo uliotangazwa mtazamaji anaweza kuupunguza mwenyewe, kama apunguzavyo chumvi ya mama mkwe. Upendeleo wa kuogopa ni ule usiotangazwa. Mwanzoni mwa msimu wa 2001, katika mbio fupi za kufungua pazia kule Daytona, Fox ilionyesha michoro ya magari iliyofutwa nembo za wadhamini ambao hawakuwa wamenunua muda wa matangazo. Kelele zikapigwa na michoro ikabadilishwa. Mdhamini asiyelipa anaweza kufutwa kwenye mchoro, na dereva wa mdhamini asiyelipa anaweza kusahauliwa kwenye picha bila mtu kupiga kelele, kwa sababu kisichoonyeshwa hakina wa kukishuhudia.

Wiki moja baadaye, tarehe 18 Februari 2001, Fox ilitangaza Daytona 500 yake ya kwanza, na katika kona ya mwisho Dale Earnhardt aligonga ukuta akafa. Darrell Waltrip, yule dereva wa 1979, sasa alikuwa kwenye kipaza sauti; aliyekuwa anashinda ni mdogo wake Michael, ushindi wa kwanza katika mbio 463. Furaha ya kaka ilijaza matangazo, kisha hofu kuhusu Earnhardt ikaingia katikati ya furaha, na kituo kikaondoka hewani kabla ya kifo kutangazwa. Wapo wanaohesabu hilo kuwa kosa. Mimi sihesabu hivyo. Kipimo changu kinadai sababu, na sababu isiyojulikana haidaiwi. Ambacho kingeweza kusemwa, na kinachofaa kusemwa kwa yeyote atakayetazama kanda ile, ni kwamba Earnhardt akiwa wa tatu alikuwa akilizuia kundi la nyuma, huku mbele yake yakienda magari mawili ya timu aliyoimiliki yeye mwenyewe, la Michael Waltrip na la mwanawe. Ushindi ule ulikuwa na mlinzi, na mlinzi ndiye aliyekufa.

Vipi kuhusu teknolojia? Nitapita haraka, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi na kuhitaji sifa kidogo zaidi. Kamera ndani ya gari, iliyong'ara kwenye mbio za Bathurst kule Australia mwaka 1979, ni hazina inapoonyesha mikono ya dereva ikirekebisha usukani gari linapoteleza, na ni pambo tu inapoonyesha bampa la aliye mbele. Vishale vinavyoyafuata magari kwenye skrini husaidia, mradi viseme kitu kuliko jina. Fox iliwahi kufukia kamera kwenye kona kisha ikaipa kinyago, fuko wa katuni aitwaye Digger, akawa anachomoza kwenye skrini katikati ya mbio hadi mashabiki wakamchukia kama mwizi wa kuku. Mwaka 2013 kamba ya kamera ya angani ya Fox ilikatika Charlotte ikaangukia uwanja na majukwaa, watazamaji kumi wakaumia na mbio zikasimamishwa. Siku hizi huduma za intaneti humruhusu mtazamaji achague kamera ya ndani ya gari alipendalo. Hiyo ni neema, lakini humhamishia mtazamaji kazi ya mwongozaji bila kumpa skrini za mwongozaji.

Pingamizi la mwisho ni la wanaosema kwamba mtazamaji wa kawaida hataki kueleweshwa, anataka kusisimka. Mweleze uzito wa matairi naye atakwenda kulala. Ninawajibu kwa sekunde 18.845. Tarehe 30 Oktoba 2022, Martinsville, mshindi alikuwa Christopher Bell, lakini dunia nzima ilimjua Ross Chastain aliyekuwa wa kumi. Katika kona mbili za mwisho aliingiza gia ya tano, akakanyaga mafuta mpaka chini, akaliegemeza gari ukutani na kuuacha ukuta ukate kona kwa niaba yake, akapita magari matano. Mzunguko ule ulikuwa wa kasi kuliko wote uliowahi kupigwa na magari ya aina hiyo katika uwanja huo. Picha peke yake ni sarakasi, na kweli iliendea simu za watu kama sarakasi. Sasa ongeza maelezo: Chastain alihitaji nafasi mbili tu kumtoa Denny Hamlin na kuingia fainali ya ubingwa, asipozipata, hana sababu ya kulihurumia gari. Kwa hesabu hiyo kitendo kinageuka kuwa uamuzi wa mtu aliyepima hasara na faida ndani ya sekunde chache, na msisimko haupungui hata chembe. Uliongezeka kwa wale waliokuwa wamefuatilia hesabu ya pointi mzunguko kwa mzunguko, ambao waliona hatari inakuja kabla haijafika ukutani. Kabla ya msimu uliofuata NASCAR ilitangaza kwamba atakayerudia ataadhibiwa, ikiona kitendo kile ni hatari kwa madereva na watazamaji.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Kanda ya Daytona 500 ya 1979 inapatikana mtandaoni. Itazameni, na mkifika mizunguko kumi ya mwisho zimeni sauti kwanza, muone picha zinawaambia nini. Kisha rudini nyuma mzisikilize tena na sauti. Baada ya hapo fanyeni vivyo hivyo na mbio za Jumapili hii, kalamu mkononi, mkiandika kila mabadiliko ya uongozi na sababu yake kama mlivyoelezwa. Pale penye mabadiliko bila sababu, wekeni alama. Petty alimshinda Waltrip kwa takriban urefu wa gari moja, na picha hiyo ipo, ingawa magari mawili yaliyokuwa yakiongoza yalikuwa yakifuka moshi majanini.